Ukienda Lamu, adabu ya wenyeji ni kinga yako

Likizo ya Desemba ikikaribia, familia kadhaa za hapa Kakamega huanza kudunduliza nauli ya kwenda Pwani. Wapo watakaofika hadi Kisiwa cha Lamu, ambako mji wa kale uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001. Je, mgeni avae nini, na ajihadhari na nini? Jibu fupi ni kwamba awatazame wenyeji. Mila zao nyingi ni adabu, na papo hapo ni kinga ya afya.

Tuanze na mavazi. Lamu ni mji wa Waislamu, na nguo za kuogelea ni za ufuoni tu. Ukiingia mjini au kijijini Shela, mwanamke ajifunge leso au avae nguo ndefu inayofunika mabega. Mwanamume avae shati na suruali au kikoi. Mavazi hayo hayo huzuia jua. Usidanganyike kwamba ngozi nyeusi haiungui. Huungua, hasa ya mtoto anayeshinda majini.

Pili ni joto. Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na mvua hutupoza alasiri. Kule Lamu hewa imejaa unyevu, jasho halikauki upesi, na kwa hivyo mwili haupoi. Ndiyo maana wenyeji wengi hupumzika adhuhuri. Fanya vivyo hivyo. Ukihisi kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, kaa kivulini unywe maji kidogo kidogo. Mtu akianza kuweweseka au akizirai, mmwagie maji, mpepee na umkimbize hospitalini bila kumlazimisha kunywa. Katika mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa barabarani mchana; lakini usikae na kiu, kunywa maji chumbani.

Tatu ni maji yenyewe. Maji matamu ya visima hutokana na mvua inayohifadhiwa chini ya matuta ya mchanga ya Shela. Ni haba, basi usiyamwage ovyo. Kunywa yaliyochemshwa au ya chupa. Ukiendesha, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, unywe mara kwa mara. Kukiwa na damu, au mtoto akilegea, nenda hospitalini.

Mbu nao wasisahauliwe. Mwaka 2004 ugonjwa wa chikungunya uliwashika watu wengi sana Lamu. Mbu wanaoueneza huuma mchana na huzaana katika maji yaliyowekwa nyumbani. Kwa hiyo, ukichota maji, rudisha kifuniko cha pipa. Usiku lala ndani ya neti. Sisi wa Magharibi tumeizoea malaria hata tunaidharau, ilhali Pwani pia ipo. Homa ikikushika huko au baada ya kurudi, kapimwe na umweleze daktari ulikokuwa.

Baharini, waulize wavuvi kabla ya kuogelea. Mkondo kati ya Lamu na Manda una nguvu, na mwogeleaji wa mtoni asijipime nao. Vaa viatu majini. Ukichomwa na samaki aitwaye taa, tumbukiza mguu katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kisha umwone daktari.

Hatimaye, salimu kabla ya kuuliza njia, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Anayesalimiana vizuri na watu ndiye huonywa mapema kuhusu mkondo, jua na kisima kibaya. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lamu, mgeni akimfuata mwenyeji, naye hupona.