Stempu Kuukuu na Siri ya Karatasi Yake

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tungependa kuongeza kwamba daftari lenyewe, yaani ile karatasi iliyoandikiwa, nayo ina habari zake, hata kama wino umefutika na mwandishi amekwisha kufariki.

Tulikuwa Kibaha, katika baraza ya nyumba moja ya Maili Moja, ambako ndugu wawili, watoto wa mtu na nduguye, walikuwa wameketi mbele ya wazee wao kutafuta suluhu ya shamba la minazi lililoko kisiwani Mafia. Mmoja ni mkazi wa hapo Kibaha, na wa pili alikuwa amefika kutoka Kisarawe. Yule wa Kisarawe alitoa bahasha yenye barua iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, isiyo na tarehe, akaeleza kwamba babu yao aliituma kutoka Dar es Salaam mwaka 1917 ili kumpa baba yake shamba lile peke yake. Muhuri wa posta ulikuwa umefifia hata hausomeki. Gundi ilikuwa imekauka, na stempu imebanduka. Jambo moja tu halikuwa na ubishi baina yao: babu huyo alifariki kwa homa kuu iliyozunguka dunia mwaka 1918.

Tuliombwa tuitazame stempu ile. Usoni mwake palikuwa na sura ya Mfalme George wa Tano na jina la Afrika Mashariki na Uganda, na juu yake zimepigwa herufi G.E.A., kifupisho cha jina la Kiingereza la koloni la Wajerumani lililokuwa limetekwa. Kwa kutazama uso wake, maelezo ya ndugu yetu yalikuwa sawasawa, kwani stempu za namna hiyo zilianza kutumika nchini humu mwaka 1917. Lakini tulipoigeuza na kuielekeza kwenye mwanga, tuliona ndani ya karatasi mataji madogo na herufi C na A zilizoandikwa kwa mtindo wa mkono, zenye kupinda. Hapo tukanyamaza, kwa maana karatasi ya alama hiyo haikuanza kutumika kwa stempu za makoloni kabla ya mwaka 1921.

Msomaji atauliza, karatasi yawezaje kutaja mwaka? Jibu lake ni jepesi. Karatasi hutengenezwa kwa rojo la nyuzi, zikiwa za matambara ya pamba na kitani au za miti. Rojo likiwa bado bichi juu ya wavu, hupitishwa gurudumu lililoshonewa nyaya zenye umbo la alama inayotakiwa. Pale nyaya zinapobonyeza, karatasi huwa nyembamba zaidi, na alama ile hubaki humo daima. Hufichika machoni ikilazwa mezani, huonekana ikipenywa na mwanga. Serikali ya Kiingereza iliitumia njia hiyo ili kuzuia stempu za bandia. Herufi C na A ni za Mawakala wa Taji wa London, waliokuwa wakiyanunulia makoloni mahitaji yao, na karatasi yao ilitengenezwa kwa miaka mingi katika vinu vya jimbo la Kent. Tangu mwaka 1904 alama yao ilikuwa taji na herufi zilizosimama wima, zikijirudia karatasi nzima. Mwaka 1921 ndipo herufi za kupinda ziliposhika nafasi. Uso wa stempu uliweza kubaki ule ule, na karatasi ikabadilika.

Wenzetu wa Unguja na Pemba wanao ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili. Mwezi Novemba 1895, Zanzibar ilipoanza kutumia stempu zenye jina lake, hazikuwa stempu mpya. Zilikuwa stempu za India zilizopigwa neno «Zanzibar» katika kiwanda cha chapa cha Gazeti la Serikali huko Unguja, na wapangaji wa herufi waliharakishwa hata baadhi ya stempu zikatoka na neno «Zanzidar». Jina lilikuwa la kisiwa, lakini ndani ya karatasi mlikuwa na nyota, alama ya India. Mwaka 1896 zilitolewa stempu zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, zilizochapwa London na kampuni ya De La Rue, na karatasi yake ilitiwa alama ya kiua. Stempu hizo zilifika madirishani mwa posta Sultani mwenyewe akiwa amekwisha kufariki tarehe 25 Agosti ya mwaka huo.

Kiua kile kilidumu katika karatasi za Zanzibar hadi wakati wa Sultani Khalifa bin Harub. Mwaka 1913 mambo ya Zanzibar yaliondolewa katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza yakakabidhiwa Wizara ya Makoloni. Mwaka uliofuata, 1914, stempu zile zile za Sayyid Khalifa, zenye sura ile ile na kilemba kile kile, zilianza kuchapwa juu ya karatasi yenye taji la Uingereza. Mnunuzi wa stempu pale Forodhani hakuona tofauti yoyote. Kwa nje aliyetajwa alikuwa Sultani, na kwa ndani aliyekuwamo alikuwa mfalme mwingine. Tumesoma vitabu vingi juu ya maana ya neno «himaya», lakini hatukupata kuona maelezo mafupi na ya wazi kuliko hayo.

Mafia nayo ina yake. Waingereza walikiteka kisiwa hicho Januari 1915, wakakifanya kituo cha ndege zilizosaidia kuizamisha manowari ya Königsberg katika delta ya Rufiji mwezi Julai. Stempu za Kijerumani walizoziteka zilipigwa neno «MAFIA», kisha zikafuata stempu za India za jeshi lao la msafara. Basi katika kisiwa kimoja kidogo, kwa muda usiotimiza miaka miwili, zilipita karatasi ya Berlin na karatasi yenye nyota ya India. Wakati huo huo Wajerumani, waliozingirwa na meli za adui, walichapa noti kwa karatasi yoyote iliyopatikana, na mwaka 1916 wakachapa stempu katika kiwanda cha misheni cha Vuga, Usambara. Hizo hazikupata kutumika ipasavyo. Zilifukiwa ardhini zisitwaliwe na adui, zikafukuliwa mwaka 1921.

Stempu za Mafia ni adimu, na kwa sababu hiyo za bandia ni nyingi. Tunawahadharisha wananchi wa visiwani dhidi ya wanunuzi wapitao majumbani wakitaka «vichwa» vilivyokatwa kutoka katika bahasha. Stempu iliyoachwa juu ya bahasha yake, pamoja na muhuri na anwani, ni shahidi kamili. Iliyokatwa ni shahidi aliyekatwa ulimi. Wala isitiwe majini. Stempu nyingi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilichapwa juu ya karatasi iliyopakwa chokaa kwa makusudi, ili mtu akijaribu kuosha muhuri aitumie tena, rangi nayo iondoke. Mtego ule waliotegewa wadanganyifu wa zamani huwanasa hadi leo warithi wasio na hatia.

Tukumbuke pia kwamba Kisarawe, alikotoka ndugu yetu mwenye bahasha, iko jirani na vilima vya Pugu vyenye udongo mweupe wa kaolini, ambao duniani kote hutumika kulainisha na kung'arisha karatasi. Nchi yetu ilianza kutengeneza karatasi kwa wingi kwa magogo yake yenyewe katika kiwanda cha Mgololo, Mufindi, mwaka 1985. Kwa karibu miaka mia moja kabla ya hapo, barua zetu, hati zetu na hukumu zetu zilibebwa na karatasi ya watu wengine yenye alama za watu wengine. Si jambo la kulilia, bali ni la kulisoma.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa watumishi wa Serikali, kuanzia makao makuu ya Mkoa hapo Kibaha hadi wilayani. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 ipo. Haitoshi kuhifadhi maandishi na kuzitupa bahasha, wala haitoshi kupiga picha ya hati na kuichoma hati yenyewe, kwa sababu picha haielekezwi kwenye mwanga. Mafaili ya kale yaondolewe sakafuni, yakingwe na mchwa na unyevu, yaandikwe katika orodha, na yanayostahili yapelekwe katika Nyaraka za Taifa.

Ama kuhusu ndugu zetu wa Maili Moja, tuliwaeleza wazee tulichokiona bila kuongeza wala kupunguza. Stempu ile haikuthibitisha kwamba barua ni ya uongo. Ilithibitisha jambo moja tu, kwamba bahasha ile haikutumwa na marehemu. Yule wa Kisarawe alitazama chini kwa muda, kisha akamwambia mwenziwe, «Kaka, bahasha hii niliikuta sandukuni mwa baba. Wallahi sikuitia mimi.» Kaka yake akamjibu kwamba anamsadiki. Wazee waliiweka bahasha kando, wakarejea katika hesabu ya mirathi kama ilivyoamrishwa, na jioni ile ndugu wawili wale walitoka kwenda stendi pamoja.