Kovu Lisilonyumbuka

Farasi wa mbio anapotimka, mguu mmoja wa mbele hubeba mzigo unaozidi mara mbili uzito wa mwili wake wote. Nyuma ya mguu huo kuna kano ndefu inayovutika na kurudi kila hatua, na katikati yake joto limewahi kupimwa likafika nyuzi 45 za Selsiasi. Ndiyo kano inayochanika mara kwa mara.

Kano ina seli chache na damu haba, hivyo hupona polepole, tena kwa kovu. Kovu hushika, lakini halinyumbuki. Farasi akirudishwa uwanjani, huumia upya.

Mwaka 2003, Roger Smith na wenzake wa Royal Veterinary College, Uingereza, walieleza jinsi walivyomtibu farasi wa polo kwa seli shina zake mwenyewe. Uboho ulifyonzwa kutoka mfupa wa kidari, seli zikazalishwa maabara hadi zikafika mamilioni, kisha zikadungwa ndani ya jeraha huku daktari akitazama picha ya ultrasaundi. Mwaka 2012 yakatoka matokeo ya farasi 113 wa mbio waliotibiwa kwa njia hiyo: walioumia tena walikuwa takriban asilimia 27, ilhali taarifa za awali za farasi wa kuruka viunzi waliotibiwa kwa njia nyingine zilitaja zaidi ya nusu. Takwimu tamu, ila ni kulinganisha farasi hawa na wale wa tafiti nyingine, za miaka mingine. Jaribio la mwaka uliofuata lilikuwa dogo lakini kali zaidi: farasi 12, nusu wakapewa seli, nusu maji ya chumvi. Baada ya miezi sita, kano zilizopata seli zilikaribia zaidi hali ya kawaida.

Wengine hawadungi seli tu; huzijengea kiunzi kwanza. Huko China, kundi la Yilin Cao lilipanda seli za kano za kuku kwenye nyuzi zinazoyeyuka mwilini, za jamii ya zile za kushonea majeraha. Wiki 14 baada ya kupandikizwa, kano iliyojengwa hivyo ilikuwa na asilimia 83 ya nguvu ya kano ya asili.

Sungura walileta habari chungu. Katika utafiti wa kundi la David Butler wa Cincinnati, Marekani, asilimia 28 ya kano za goti zilizopandikizwa seli shina ziliota mfupa ndani yake! Seli zilikuwa hai, ila zimeshika kazi isiyo yao. Baadaye kundi hilo likaanza kuvivutavuta vipandikizi maabara kabla ya kuvitia mwilini, na vilivyovutwa vikatoka imara kuliko vilivyoachwa vimetulia.