Majimaji ya Sikio la Ndani na Mfereji Uliopanuka

Mwaka 1791, mbele ya Akademia ya Sayansi ya Bologna nchini Italia, daktari Carlo Mondini alieleza alichokikuta katika maiti ya mvulana wa miaka 8. Mvulana huyo alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Gari la kukokotwa lilimkanyaga mguu, kidonda kikaoza, akafa. Mondini aliupasua mfupa wa panja, ambamo sikio la ndani limefichwa, akaona kasoro mbili. Koklea, yaani kile kijia kilichojikunja kama gamba la konokono, ilikuwa na mzunguko mmoja na nusu badala ya miwili na nusu. Pili, mfereji mdogo unaotoka sikio la ndani kuelekea kwenye utando wa ubongo ulikuwa mpana kupita kiasi.

Ile koklea fupi ndiyo iliyobaki na jina la Mondini katika vitabu vya tiba. Mfereji uliopanuka ulingoja karibu miaka 190 kabla madaktari hawajautazama kwa makini, na leo inajulikana kwamba ni miongoni mwa kasoro za sikio la ndani zinazoonekana mara nyingi zaidi katika picha za watoto wanaopoteza usikivu.

Ili kuuelewa mfereji huo, ni lazima kwanza kujua kilichomo sikioni. Kwa karne nyingi wataalamu waliamini kwamba sikio la ndani limejaa hewa. Aliyeivunja imani hiyo ni Domenico Cotugno, kijana wa Naples, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1760 alionyesha kwamba vijia vya sikio hilo vimejaa majimaji, tena vina mifereji miwili myembamba inayopenya mfupa. Wanasayansi waliomfuata waligundua kwamba majimaji yenyewe ni ya aina mbili, na kwamba hayapaswi kuchanganyika.

Aina ya kwanza, perilimfu, ina sodiamu nyingi na inafanana na ugiligili unaouzunguka ubongo. Mfereji mmoja wa Cotugno unaiunganisha koklea na ugiligili huo. Aina ya pili, endolimfu, ni ya ajabu. Karibu majimaji yote ya mwili yaliyo nje ya seli yana sodiamu nyingi na potasiamu kidogo; endolimfu imeugeuza utaratibu huo juu chini. Juu ya hayo, ndani ya koklea ina chaji ya umeme inayozidi ya mazingira yake kwa takriban milivolti 80. Endolimfu yote ya koklea moja haijazi hata tone moja la maji, lakini bila hiyo hakuna kusikia.

Sauti inapoitikisa ngoma ya sikio, mtikisiko hupita katika vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, kisha kikuku kikaisukuma perilimfu. Wimbi linalozuka humo hupinda vinyweleo vya seli zipatazo 15,000 zilizopangwa ndani ya koklea. Vinyweleo vikipinda, vitundu vidogo mno hufunguka, na potasiamu ya endolimfu, ikisukumwa na ile chaji ya umeme, huingia ndani ya seli. Hapo ndipo mtikisiko hugeuka kuwa ishara ya neva. Chaji ikishuka, au chumvi za majimaji zikivurugika, seli zinaweza kuwa bado zipo zote lakini zisitoe ishara ya kutosha. Na zikifa, kwa binadamu hazioti tena.

Mfereji wa pili wa Cotugno ndio ule wa mvulana wa Bologna. Ndani yake hupita kijia cha endolimfu kinachoishia kwenye kifuko kidogo kilicholalia utando wa ubongo. Kifuko hicho kinasaidia kurekebisha kiasi cha endolimfu na chumvi zake. Mwaka 1978 madaktari Galdino Valvassori na Jack Clemis wa Marekani waliandika kuhusu wagonjwa ambao mifereji yao ilizidi upana wa milimita 1.5 katikati, na wakaihusisha hali hiyo na upotevu wa usikivu. Picha za CT-Scan zilipoenea, kasoro ambayo zamani ilihitaji maiti na patasi ikaanza kuonekana kwa mtoto aliye hai.

Mwenendo wake unawachanganya wazazi. Wengi wa watoto hawa huzaliwa wakisikia, au wakisikia kiasi, kwa hiyo hata penye kipimo cha masikio kwa watoto wachanga, mtoto anaweza kukipita vizuri. Anaanza kutamka maneno. Kisha siku moja anaanguka kitandani, au anagongana vichwa na mwenzake uwanjani, jambo ambalo kwa mtoto mwingine lingeisha kwa kilio cha dakika tano, na baada ya hapo haitiki akiitwa. Usikivu huweza kurudi kidogo, ukakaa miezi, kisha ukashuka tena kwa ngazi nyingine. Wengine hupata kizunguzungu. Wapo wanaopoteza usikivu bila kugonga kitu chochote.

Hapa panahitaji kusemwa wazi, kwa sababu lawama hutafuta pa kutua: mama hakuzembea, dada wa kazi hakumdhuru mtoto, na hakuna mkono wa mtu. Anguko lilikuwa dogo. Sikio ndilo lililozaliwa likiwa dhaifu.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mfereji mpana unaruhusu shinikizo la ugiligili wa ubongo kuisukuma endolimfu nyuma hadi ndani ya koklea. Madaktari wa upasuaji wakajaribu kukizibua au kukiziba kile kifuko. Matokeo yalikuwa mabaya, baadhi ya wagonjwa wakapoteza usikivu uliokuwa umebaki, na njia hiyo ikaachwa. Sasa wataalamu wengi wanaona upana wa mfereji kuwa ni alama tu. Ugonjwa wenyewe umo katika chumvi za endolimfu.

Njia ya kufikia ufahamu huo ilipitia shingoni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza Vaughan Pendred aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu ndugu wawili wa kike waliokuwa viziwi na wenye uvimbe wa tezi la shingo. Jeni inayohusika na hali hiyo, SLC26A4, ilitambuliwa mwaka 1997. Protini inayotengenezwa kwa maelekezo yake husafirisha madini joto katika tezi la shingo, na sikioni husafirisha bikaboneti, ambayo huizuia endolimfu isiwe na asidi. Protini hiyo ikiharibika, tezi huweza kuvimba hata kwa mtu anayekula chumvi yenye madini joto kila siku, na mtoto hukua na sikio ambalo majimaji yake yalikosea tangu tumboni.

Mwaka 2013 kundi la watafiti akiwamo Philine Wangemann wa Chuo Kikuu cha Kansas State lilichapisha jaribio la kusisimua. Panya waliokosa jeni hiyo walikuwa viziwi na wenye kuyumbayumba. Walipopewa jeni nzima ifanye kazi katika kifuko cha endolimfu peke yake, bila kuigusa koklea, panya hao walisikia na kutembea sawasawa. Kifuko ambacho wanafunzi wa udaktari walikitaja na kukisahau kilikuwa kimeshika hatima ya sikio zima. Kwa binadamu tiba ya namna hiyo bado haipo, maana kazi hiyo hufanyika mtoto akiwa bado tumboni.

Kasoro ya jeni hii hurithiwa kwa kupokea nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na nyingine kwa mama, ambao kwa kawaida wote wawili husikia vizuri. Kila mimba huwa na uwezekano wa moja kwa nne. Imeonekana zaidi Asia Mashariki, lakini popote ndoa za binamu zilipo za kawaida, Oman na sehemu za Pwani ya Afrika Mashariki zikiwamo, uwezekano wa wazazi wote wawili kubeba kasoro ileile huongezeka.

Kuna mtego mwingine katika chumba cha vipimo. Mfereji mpana huifanya sehemu ya nguvu ya sauti ivuje kabla ya kufika kwenye koklea, na grafu ya usikivu ikafanana na ya mtoto mwenye maji nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto huweza kutibiwa sikio la kati, hata kuwekewa kirija kwenye ngoma, wakati sikio la kati halina tatizo. Ngoma ikiwa nzima, shinikizo nyuma yake likiwa la kawaida, na bado mtoto hasikii, ni haki ya mzazi kumwuliza daktari wa masikio, pua na koo kuhusu picha ya CT-Scan au MRI.

Watu wazima nao huteswa na endolimfu, kwa njia nyingine. Mwaka 1861 Prosper Ménière, daktari wa taasisi ya viziwi jijini Paris, alisema kwamba mashambulio ya kizunguzungu yanayoambatana na sikio kuvuma na kutosikia yanatoka sikioni, wakati wenzake waliyahesabu kuwa ugonjwa wa ubongo na kuwatoa wagonjwa damu. Mwaka 1938, London na Osaka, uchunguzi wa mifupa ya marehemu ulionyesha vyumba vya endolimfu vikiwa vimevimba. Mwanaanga Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, alizuiwa kuruka kwa ugonjwa huo, akapasuliwa na William House mwaka 1968 na kuwekewa kirija cha kupunguza majimaji. Februari 1971 alitembea juu ya Mwezi. Hata hivyo, jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 1981 liliwagawa wagonjwa 30: nusu walipasuliwa kifuko, nusu wakachongwa mfupa tu bila kifuko kuguswa. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tangu hapo mjadala haujaisha.

Kwa mtoto mwenye mfereji mpana, madaktari hushauri aepuke michezo ya kugongana na kupiga mpira kwa kichwa, na apimwe usikivu mara kwa mara. Shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti, humsaidia wakati bado kuna cha kukuza, na lugha ya alama humpa mawasiliano katika kila hatua. Usikivu ukiisha, kupandikizwa kifaa ndani ya koklea huleta matokeo mazuri, kwa kuwa neva ya kusikia kwa kawaida ni nzima. Hospitali ya Taifa Muhimbili, nchini Tanzania, ilianza upandikizaji huo mwaka 2017. Picha hupigwa kabla ya upasuaji, kwani koklea ya namna hii ikitobolewa majimaji huweza kububujika na daktari hana budi kujiandaa. Ndugu wadogo na wakubwa wa mtoto huyo nao wapimwe, hata wale wanaoitika wakiitwa.