Kumbukumbu na Ukumbusho: Picha za Familia katika Bustani za Burudani za Marekani

1. Utangulizi

Katika nyumba nyingi za Marekani huhifadhiwa albamu, au sanduku la viatu lililojaa picha, na humo haikosi kupatikana picha ya namna moja. Baba, mama na watoto wawili au watatu wamesimama mbele ya ngome yenye minara myembamba; jua linawapiga machoni; mtoto mmoja amevaa kofia yenye masikio ya panya; wote wanatabasamu. Picha hiyo ilipigwa wakati wa likizo katika bustani ya burudani, pengine miaka hamsini iliyopita. Anayeitazama leo hushikwa na hisia ambayo si furaha tupu wala si majonzi matupu, na huwa tayari kuapa kwamba siku ile ilikuwa njema kuliko zote. Foleni ndefu, joto, kilio cha kitinda mimba na ugomvi wa wazazi juu ya gharama havimo katika picha. Mara nyingi havimo tena hata akilini mwa waliokuwapo.

Swali linalozuka ni hili: je, picha ya namna hiyo imeihifadhi siku ile, au imeitunga upya? Makala haya yanakusudia kulieleza suala hilo kwa msaada wa nomino mbili za Kiswahili zenye asili moja, yaani kumbukumbu na ukumbusho. Ingawa mfano unaochunguzwa ni wa ugenini, jambo lenyewe linamhusu kila mtafiti wa fasihi simulizi na wa historia za maisha ambaye hutumia picha za kale kumchochea msimulizi.

2. Nomino mbili za mzizi mmoja

Kitenzi kumbuka kikitiwa katika kauli ya kutendesha huwa kumbusha, kama vile anguka huwa angusha na waka huwa washa. Kutokana na kumbusha hupatikana nomino ukumbusho. Nomino kumbukumbu, kwa upande wake, haina alama yoyote ya kutendesha. Imeundwa kwa uradidi tu.

Tofauti hii ya umbo inaandamana na tofauti ya maana. Kumbukumbu za mkutano ni maandishi yanayoweza kusahihishwa: mjumbe husimama na kusema kwamba neno fulani halikusemwa, na katibu hulifuta. Lakini hakuna mtu anayeisahihisha sanamu ya ukumbusho kwa njia hiyo. Sanamu haiulizwi kama ni ya kweli au ya uongo. Huulizwa imesimamishwa na nani, na inamkumbusha nani jambo gani. Mofimu ya kutendesha imebeba ndani yake mtendaji na mtendewa, hata pale ambapo hawatajwi.

Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku mipaka ya maneno haya huingiliana, na wapo wasemao “picha ya kumbukumbu” wakikusudia ukumbusho. Hata hivyo tofauti ipo katika lugha, na inafaa kutumiwa kama chombo cha uchambuzi.

Ama hisia yenyewe inayomshika mtazamaji, lugha za Ulaya huiita kwa neno nostalgia. Neno hilo halitokani na matumizi ya kale ya watu wa kawaida. Lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer katika tasnifu ya udaktari aliyoiwasilisha Basel, kwa kuunganisha neno la Kiyunani la kurejea nyumbani na lile la maumivu. Lilikuwa jina la ugonjwa, na wagonjwa waliosifika sana kwa kupatwa nao walikuwa askari wa Kiswisi waliotumikia majeshi ya ugenini. Baadaye maana ilihama kutoka mahali hadi wakati: mgonjwa wa kwanza aliweza kuponywa kwa kurudishwa kwao, bali anayeutamani utoto wake hana chombo cha kumrudisha. Kiswahili kina hamu, shauku na ukiwa, na kila moja la maneno haya hugusa upande mmoja wa hisia hiyo. Katika makala haya itaitwa hamu ya yaliyopita.

3. Bustani na kamera

Bustani inayohusika hapa si uwanja wa bembea tu. Ni bustani iliyojengwa juu ya maudhui maalumu, ambamo majengo, mavazi ya wafanyakazi na muziki vyote husimulia hadithi moja. Mfano mashuhuri ni Disneyland, iliyofunguliwa na Walt Disney huko Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, na sherehe zake zikaonyeshwa moja kwa moja katika televisheni. Ya pili, Walt Disney World ya Florida, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, miaka takribani mitano baada ya mwanzilishi kufariki.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba bustani yenyewe imejengwa kwa hamu ya yaliyopita. Mgeni aingiapo Disneyland hukutana kwanza na Main Street, U.S.A., mtaa wa mji mdogo wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, ambao aghalabu huhusishwa na Marceline, Missouri, mahali Disney alipoishi utotoni. Mzazi wa mwaka 1955 alikuwa akipita katika utoto wa mtu mwingine, uliosafishwa ukaondolewa vumbi na samadi. Mwanawe naye, atakapokuwa mtu mzima, ataikumbuka siku hiyo kama utoto wake mwenyewe. Hapa pana ukumbusho ndani ya ukumbusho.

Kamera ilikuwa imekwisha kuandaliwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1888 George Eastman alianza kuuza kamera ya Kodak iliyojazwa filamu ya picha 100. Mwenye nayo alibonyeza tu, kisha akaipeleka yote kiwandani ikasafishwe. Mwaka 1900 ilitoka Brownie, iliyouzwa kwa dola 1, na mwaka 1963 ikatoka Instamatic, ambayo filamu yake ilitumbukizwa kwa mkono mmoja bila kuhitaji ujuzi wowote. Kampuni ya Eastman Kodak ilikuwa na duka lake ndani ya Disneyland tangu mwaka wa kwanza, na kwa miaka mingi mabango yake katika bustani za Disney yaliwaonyesha wageni mahali pa kusimama ili wapate picha nzuri. Ufadhili huo ulikwisha mwaka 2012, lakini desturi ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Matokeo yake ni kwamba familia elfu nyingi zisizojuana zina picha inayokaribia kuwa moja. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataitambua hali hii mara moja. Ni fomula. Kama vile mtambaji asivyoulizwa kwa nini huanza kwa “Paukwa” na hadhira isivyoulizwa kwa nini huitikia “Pakawa”, ndivyo familia isivyoulizwa kwa nini imesimama mbele ya ngome. Wala fomula hii si ya Wamarekani peke yao. Katika studio za Mombasa na miji mingine ya Kenya wateja walisimama mbele ya pazia lililochorwa meli au ndege, na picha ikawapeleka safari ambayo miguu haikwenda. Tofauti ni kwamba pazia la studio halikumdanganya mtu: kila mtazamaji alijua kuwa ni pazia. Ngome ya Anaheim huweza kuguswa, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kukumbuka kwamba nayo ni pazia.

4. Picha na mtambaji wake

Picha ya familia haijitoshelezi. Pierre Bourdieu, katika utafiti alioutoa na wenzake mwaka 1965 kuhusu upigaji picha nchini Ufaransa, alionyesha kuwa picha za familia hupigwa hasa ili kuutia nguvu umoja wa familia. Kazi hiyo, hata hivyo, haifanywi na karatasi peke yake. Inahitaji mtu wa kusimulia.

Katika miaka ya 1960 na 1970 usimulizi huo ulikuwa na jukwaa lake. Taa zilizimwa sebuleni, shuka nyeupe au pazia maalumu likatandazwa ukutani, na slaidi zikaonyeshwa moja baada ya moja. Projekta ya Kodak iliyotoka mwaka 1961 ilibeba slaidi zake katika trei ya mviringo na iliitwa Carousel, jina lile lile la bembea la farasi wa mbao linalozunguka katika bustani za burudani. Mara nyingi mtambaji alikuwa yule asiyeonekana katika picha, kwa kuwa ndiye aliyeishika kamera. Hadhira ilikatiza, ikabisha, ikacheka. Kila mwaka masimulizi yalirudiwa, na kila mara yalipunguzwa hapa na kuongezwa pale, kama yafanyavyo masimulizi yote.

Mtambaji akifariki, picha huwa bubu. Warithi hubaki na nyuso wasizozijua na tarehe iliyoandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi. Aidha, karatasi yenyewe huzeeka. Picha nyingi za rangi za miaka ya 1960 na 1970 hata zikiwekwa gizani hugeuka kuwa nyekundu, kwa sababu rangi ya samawati hufifia kabla ya nyingine. Watazamaji wengi wameuzoea wekundu huo hata wakaufanya kuwa rangi ya utoto wao, ilhali ni kasoro ya kemikali iliyoingia baadaye. Filamu ya Kodachrome, iliyosifiwa kwa kudumu gizani, iliacha kutengenezwa mwaka 2009.

5. Ushahidi wa wanasaikolojia

Dai kwamba picha hutunga kumbukumbu si dhana ya wahakiki tu. Mwaka 2002 Kimberley Wade na wenzake walichapisha jaribio walilowafanyia watu wazima 20. Picha halisi ya kila mmoja akiwa mtoto ilipachikwa ndani ya picha ya puto la hewa moto, safari ambayo hakuwahi kuifanya. Baada ya kuhojiwa mara tatu, nusu yao walikuwa wamelikumbuka, kwa ukamilifu au kwa sehemu, tukio lisilotokea.

Mwaka huo huo Kathryn Braun, Rhiannon Ellis na Elizabeth Loftus walitoa utafiti unaoigusa bustani yenyewe. Washiriki walionyeshwa tangazo la Disneyland lililomtaja sungura Bugs Bunny, na baadhi yao wakasadiki kwamba walikutana naye huko utotoni. Jambo hilo haliwezekani, kwani Bugs Bunny ni mhusika wa Warner Bros., washindani wa Disney.

Kitendo cha kupiga picha nacho kina athari. Linda Henkel, katika utafiti wa 2014 uliofanyika ndani ya makumbusho, aliona kuwa waliopiga picha vitu vizima walivikumbuka vichache kuliko waliovitazama tu. Lakini waliokikaribia kitu wakapiga sehemu yake moja hawakupata hasara hiyo. Yaonekana mtu akiiachia kamera kazi ya kukumbuka, akili nayo hupumzika. Akiitumia kamera kuangalia kwa makini, akili huendelea na kazi.

6. Picha isiyopigwa

Kama ukumbusho una mtendaji na mtendewa, hapana budi kuuliza pia ni nani aliyenyimwa. Katika barua aliyoiandika gerezani Birmingham, Alabama, mwezi Aprili 1963, Martin Luther King alitaja uchungu wa kumweleza binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda Funtown, bustani ya burudani ya Atlanta iliyotangazwa katika televisheni. Watoto weusi hawakuruhusiwa. Albamu za familia zao za miaka hiyo zina pengo ambalo haliwezi kuonekana kwa macho, kwa kuwa picha isiyopigwa haiachi nafasi tupu katika ukurasa.

Huko Baltimore, bustani ya Gwynn Oak ilipingwa kwa miaka kadhaa kwa ubaguzi kama huo. Tarehe 4 Julai 1963 waandamanaji zaidi ya 200 walikamatwa mlangoni. Bustani ikafunguliwa kwa wote tarehe 28 Agosti 1963, siku ile ile ya maandamano makuu ya Washington, na mtoto mweusi wa kwanza kupanda farasi wa bembea lake alikuwa Sharon Langley, ambaye hakuwa ametimiza mwaka mmoja. Yeye mwenyewe hangeweza kuikumbuka siku hiyo. Kila alichokuja kukijua juu yake alikipata kwa kusimuliwa na kwa kuonyeshwa. Bembea lenyewe lilihamishiwa baadaye kwenye uwanja wa kitaifa wa Washington, ambako limekuwa ukumbusho katika maana kamili ya neno.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba picha ya familia katika bustani ya burudani hutazamwa na wenyewe kama kumbukumbu, ilhali kazi yake kubwa ni ya ukumbusho. Kusema hivyo si kuidharau. Familia iliyosimama mbele ya ngome haikusema uongo. Ilichagua kile ambacho ingependa kukumbushwa, na uchaguzi huo ni habari ya kweli juu yake.

Kwa mtafiti wa masimulizi, funzo ni la kiutendaji. Inafaa msimulizi asikilizwe kwanza pasipo picha, na maneno yake yarekodiwe. Ndipo picha iletwe, na tofauti za masimulizi hayo mawili ziandikwe bila kusahihishana. Tena inafaa kuulizwa aliyeishika kamera alikuwa nani, na nani wa familia hakuwapo. Maswali hayo ni mepesi, lakini hujibiwa na walio hai tu, na waliozishika kamera za miaka ya 1960 wanazidi kupungua.