Kupiga Picha Maua ya Kitulo: Namna HDR Inavyofanya Kazi na Mipaka Yake

Na Mwandishi Wetu

Kila ufikapo msimu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, uwanda wa Kitulo katika Nyanda za Juu Kusini hubadilika rangi. Hifadhi hiyo yenye ukubwa wa kilomita za mraba 412.9, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi zinazoota ardhini. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na wataalamu wa mimea wameipa jina la Serengeti ya Maua. Ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, baina ya safu za milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone.

Hata hivyo, si wageni wengi wanaorudi na picha zinazofanana na walichokiona. Mtu hupanda kona 57 za barabara ya Chimala hadi Matamba, huamka alfajiri, hupiga picha mawingu mekundu juu ya bonde lenye maua, kisha hukuta maua yametoka meusi kama majivu. Akirekebisha kamera ili maua yaonekane, anga hugeuka kuwa karatasi nyeupe. Makala haya yanaeleza chanzo cha tatizo hilo na namna ya kulitatua bila kuidhuru hifadhi.

Chanzo ni tofauti ya mwanga. Wapiga picha hupima mwanga kwa hatua, na kila hatua moja ni maradufu ya iliyotangulia. Tofauti ya hatua 10, kwa mfano, maana yake ni kwamba sehemu moja ya mandhari inang'aa mara 1,024 kuliko nyingine. Jua linapochungulia nyuma ya kilima huku maua yakiwa bado kivulini, tofauti hiyo huweza kuzidi uwezo wa kamera kuhifadhi mwanga mkali na giza kwa pamoja. Jicho la binadamu halipati shida hiyo kwa sababu halitazami kila kitu kwa mara moja. Huzunguka, mboni ikipanuka na kusinyaa, nao ubongo huunganisha vipande hivyo kuwa taswira moja. Kamera hufungua pazia lake mara moja tu na kupokea kilichopo.

Mbinu inayojulikana kwa herufi HDR, ambazo wengi wamezoea kuziona kwenye simu zao, inafuata njia ileile ya jicho. Picha kadhaa za mandhari moja hupigwa kwa viwango tofauti vya mwanga, kisha huunganishwa. Picha yenye mwanga hafifu hutoa anga, yenye mwanga mwingi hutoa maua yaliyo kivulini, na ya katikati hutoa vilima na nyasi.

Wazo hili ni la zamani kuliko kompyuta. Katika miaka ya 1850, Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha kioo kimoja cha picha ya bahari na kingine cha picha ya mawingu, kwa kuwa kemikali za wakati ule ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu na kulifanya anga litoke jeupe. Mwaka 1997, Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha njia ya kukokotoa kiwango halisi cha mwanga wa mandhari kutoka katika mfululizo wa picha za kawaida. Programu nyingi za leo zimejengwa juu ya msingi huo.

Kwa mwenye kamera, utaratibu si mgumu. Kamera iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, ISO ibaki 100, na tundu la lenzi lisibadilishwe kati ya picha na picha, kwa sababu likibadilika, eneo linaloonekana kwa ukali nalo hubadilika na picha hazitalingana. Kinachobadilishwa ni kasi ya pazia pekee. Ikiwa picha ya kawaida inahitaji sehemu ya 1/125 ya sekunde, ya giza ipigwe kwa 1/500 na ya mwanga kwa 1/30, yaani hatua mbili chini na hatua mbili juu. Kamera nyingi hufanya kazi hiyo zenyewe mpiga picha akishachagua mpangilio wake. Picha zihifadhiwe kama faili ghafi: faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, ilhali JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu. Mwenye lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili, akiweka tundu la f/11 na kulenga umbali wa mita 1.75 hivi, atapata ukali unaokubalika kuanzia karibu sentimita 90 hadi upeo wa macho. Hivyo ua lililo kando ya njia na mlima ulio mbali vitaonekana vyote.

Mwenye simu hana mengi ya kurekebisha. Simu nyingi za sasa hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha zenyewe. Lililo muhimu ni kuishika bila kutikisika, ikiwezekana kwa kuiegemeza kwenye jiwe au begi.

Adui mkubwa wa HDR huko Kitulo ni upepo. Uwanda ni wazi na una miti michache, na shina refu la ua halitulii kati ya picha ya kwanza na ya tatu. Programu inapojaribu kuziunganisha, ua moja hugeuka kuwa vivuli viwili au vitatu. Programu nzuri zina kipengele cha kuondoa vivuli hivyo, lakini njia ya uhakika zaidi ni kuchukua maua yote kutoka katika picha moja iliyopigwa kwa kasi ya kutosha, na kuziachia nyingine kazi ya anga. Mapambazuko, saa nyingi, huwa na upepo mdogo kuliko mchana, na ndiyo saa yenye tofauti kubwa ya mwanga.

Ipo pia siku ambayo mbinu hii haina kazi. Msimu wa maua ndio msimu wa mvua, na asubuhi nyingi uwanda hufunikwa na ukungu. Ukungu hupunguza tofauti ya mwanga kiasi kwamba picha moja inatosha kabisa. Kulazimisha HDR katika hali hiyo huondoa ule weupe mwororo ambao mgeni alioufuata na kuweka mahali pake nyasi za kijani kisichojulikana duniani. Kwa maoni ya mwandishi, hapo ndipo picha nyingi za utalii zinapoharibikia. Anayezitumia picha hizo kutangaza hifadhi anamwahidi mgeni rangi asizozikuta, na mgeni aliyelipa kiingilio atayaeleza hayo kwa wenzake.

Jambo la mwisho linahusu miguu na simu. Hakuna sehemu ya mbinu hii inayomlazimu mpiga picha kuiacha njia. Stendi huweza kushushwa hadi karibu na ardhi pembezoni mwa njia, na lenzi pana italifanya shada dogo la maua lijaze nusu ya picha. Okidi ikikanyagwa si rahisi kuirejesha, kwa kuwa mbegu zake hazina akiba ya chakula na huhitaji kuvu maalumu wa udongoni ili ziote.

Okidi za nyanda hizi zina tishio jingine. Mizizi minene ya baadhi ya aina zake, hasa za jamii za Disa, Satyrium na Habenaria, huchimbwa na kupelekwa Zambia, ambako hupikwa pamoja na karanga zilizosagwa kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Mmea ukishang'olewa mzizi hufa. Biashara ya kimataifa ya okidi zote hudhibitiwa na Mkataba wa CITES, lakini mchimbaji anahitaji tu kujua mahali zilipo, na simu nyingi huandika latitudo na longitudo ndani ya kila picha. Baadhi ya mitandao ya kijamii hufuta taarifa hizo picha inapopandishwa, lakini faili halisi likitumwa kama hati huendelea kuzibeba. Kabla ya kuingia hifadhini, mgeni afungue mipangilio ya kamera katika simu yake na kuzima utambuzi wa mahali. Na anapoandika maelezo ya picha ya okidi, jina la Kitulo linatosha, bila kutaja bonde wala kijito.