HOMA YA MTOTO: PIMA KWANZA

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilijulikana kwa homa. Stanley aliugua sana Kwihara mwaka 1871. Enzi hizo kipimo kilikuwa kiganja kwenye paji la uso.

Leo zahanati hutoa tone la damu kidoleni, na mstari huonyesha kama kuna protini ya vimelea vya malaria. Kipimo cha mimba nacho hunasa homoni kwenye mkojo. Wataalamu wanatengeneza vipimo vya transista, kama zile za redio: protini ikinaswa juu yake, umeme hubadilika. Msingi wake uliwekwa na Piet Bergveld wa Uholanzi mwaka 1970.

Lakini zingatia: protini ya malaria huweza kubaki mwilini wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Hivyo mweleze daktari mtoto alitibiwa lini. Na kipimo kikionyesha hakuna malaria, usikimbilie duka la dawa. Homa ina sababu nyingine, itafutwe.

Kutafuta tiba ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.). Kubahatisha uhai wa mtoto si tawakkul.