Pepo zina majina yake: Julai si kiangazi

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alibisha mlango wa ofisi yangu hapa Kakamega. Alikuwa ametoka Kilifi, ambako kwa miezi michache alipewa kazi ya kutafsiri matangazo ya biashara moja inayofundisha michezo ya upepo majini. Michezo yenyewe ni kuendesha vijimashua vya tanga, kusimama juu ya ubao wenye tanga, na huu mchezo mpya ambapo mtu hujifunga tiara kubwa kiunoni, ikamburura juu ya maji akiwa amesimama kwenye ubao. Alinikabidhi kurasa mbili akaniuliza, "Prof, hii iko sawa ama nimeharibu?"

Nilisoma sentensi ya kwanza nikaweka kalamu chini. Ilisema hivi: "Upepo mzuri wa kiangazi huvuma juu ya mto wa Kilifi kuanzia Juni hadi Septemba, lakini upepo wa pwani ukianza, wanaojifunza wasiingie majini."

Sarufi yake haikuwa na dosari. Ngeli zilipatana, viambishi vilikaa mahali pake. Hata hivyo, ndani ya sentensi hiyo moja mlikuwa na makosa matatu, na moja kati yake lingeweza kumzamisha mtu. Leo nataka tuyatazame moja baada ya jingine, kwa sababu si makosa ya mwanafunzi huyu peke yake. Ni yetu sote tunaoandika Kiswahili huku mawazo yetu yakiwa Ulaya.

Kosa la kwanza ni kiangazi. Aliyeandika tangazo la asili alikuwa na majira ya joto ya Ulaya akilini, Juni hadi Agosti, wakati watu wa kule huvua makoti na kukimbilia ufukweni. Mtafsiri akafungua kamusi, akakuta 'kiangazi', akaandika. Sasa hebu tujiulize: Julai hapa Kakamega kuna kiangazi gani? Asubuhi watoto huenda shuleni wamevaa sweta, alasiri mvua hutufungia ndani. Hata Pwani, miezi hiyo ndiyo yenye ubaridi kuliko mingine yote ya mwaka. Waswahili waliipa jina lake zamani: kipupwe. Kiangazi ni kipindi cha jua kali na ukavu, na kwa Wakenya wengi neno hilo humaanisha Januari na Februari.

Pengine utasema, "Ah, Profesa, hayo ni maneno tu." Sivyo. Mkenya anayesoma kwamba upepo mzuri ni wa kiangazi atafunga safari Januari. Atafika Kilifi akute upepo, naam, lakini ni upepo mwingine kabisa, unaotoka upande mwingine. Aliyejiandaa kwa kusi atakutana na kaskazi.

Pepo hizi mbili ndizo nguzo za mwaka katika Pwani ya Afrika Mashariki. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Desemba hadi Machi, ikitoka kaskazini mashariki, nayo ni ya joto. Kusi hushika zamu kuanzia karibu Aprili hadi Septemba, na nguvu zake huwa kubwa zaidi Juni na Julai. Katikati kuna vipindi vya mageuzi ambapo upepo haujaamua uende wapi. Mabaharia huviita maleleji au tanga mbili, kwa kuwa chombo kinaweza kusafiri upande wowote. Kusi inapopungua, kuelekea Oktoba, huja demani, kipindi cha upepo mwanana. Ndani ya mpangilio huo ndimo zimo mvua zetu: masika baada ya kaskazi, vuli kabla yake.

Chanzo chake si siri. Jua linapokuwa upande wa kaskazini wa ikweta, katikati ya mwaka, bara la Asia hupata joto jingi. Hewa ya huko hupanda, na hewa ya Bahari ya Hindi ya kusini huvutwa kwenda kujaza nafasi. Ndiyo kusi hiyo. Inapofika Afrika Mashariki hukutana na ukuta wa nyanda zetu za juu, ikabanwa na kuongeza kasi. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa aitwaye J. Findlater alieleza mkondo huo wa hewa, ambao hupita juu ya Kenya na Somalia kwenye kimo cha kilomita moja na nusu hivi, kisha huendelea hadi India kupeleka mvua. Kwa hiyo majira ya joto ya wenzetu wa kaskazini ndiyo kweli huleta upepo wa Kilifi. Lakini joto hilo ni lao. Sisi hutufikia upepo.

Miezi sita ikipita, jua likawa kusini, mambo hubadilika, na kaskazi hutelemka.

Nimkumbushe msomaji jambo ambalo wengi hulisahau. Maneno 'kaskazini' na 'kusini' yamezaliwa na pepo hizi. Chukua kaskazi, mpe kiambishi cha mahali -ni, upate mahali inakotoka kaskazi. Vivyo hivyo na kusini. Mtoto wa Shinyalu ambaye hajawahi kuiona bahari, anapoandika kwenye somo la jiografia kwamba Turkana iko kaskazini mwa Kenya, anatumia dira ya nahodha bila kujua. Upepo ulitangulia, mwelekeo ukafuata.

Hata hesabu ya siku ilifuata pepo. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, nayo huzunguka katika majira yote, hivyo haikumfaa baharia wala mkulima kujua kusi itaanza lini. Waswahili walikuwa na mwaka wa jua unaoanza siku ya Nairuzi, ambao Makunduchi, Unguja, bado huusherehekea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku za mwaka huo zilihesabiwa kwa makumi, na kila kumi liliitwa mwongo. Leo sisi tunatumia 'mwongo' kwa miaka kumi. Huo usichanganywe na mwongo yule asemaye uongo, ingawa wapo wanaodhani watabiri wa hali ya hewa wanastahili maana zote mbili!

Kosa la pili ni mto. Ukisimama juu ya daraja la Kilifi, yale maji yaliyo chini yako yanafanana na mto mpana. Simlaumu mwanafunzi wangu. Sisi tuliokulia karibu na Nzoia na Isiukhu, maji yenye kingo mbili tunayaita mto. Lakini hilo ni hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Tofauti ni kubwa kwa mtu aliye juu ya ubao. Mto huteremka upande mmoja tu, mchana na usiku. Hori huenda na kurudi: maji yakijaa huingia ndani, yakipwa hutoka kwenda baharini, na mabadiliko hayo hutokea kila baada ya saa sita hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya kina baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu yaweza kukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana.

Sasa changanya na upepo. Maji yakitoka kwa kasi huku upepo ukivuma kinyume chake, mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, na chombo kidogo hurushwarushwa. Maji na upepo vikielekea upande mmoja, uso wa maji hulainika, nawe unaweza kupelekwa mbali bila kuhisi. Aliyeambiwa "mto" hatajua kwamba saa nane mchana maji yanaweza kwenda kinyume na yalivyokuwa yakienda asubuhi.

Isitoshe, upepo hauongezeki nguvu kama tunavyodhani. Kasi ikipanda kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, msukumo wake kwenye tanga hauwi mara mbili, bali mara nne. Ndiyo maana nahodha mzoefu hupunguza tanga mapema. Dalili ya mvua ni mawingu, nayo dalili ya upepo ni uso wa maji unaobadilika rangi kwa mbali.

Kosa la tatu ndilo lililonifanya niweke kalamu chini. "Upepo wa pwani ukianza, wanaojifunza wasiingie majini." Upepo wa pwani ni upi? Ni utokao nchi kavu kwenda baharini, au utokao baharini kuja ufukweni? Kihusishi 'wa' hakisemi. Na hapo ndipo uhai ulipo. Upepo unaokuja ufukweni, ukikushinda, hukurudisha mchangani ukiwa na aibu tu. Upepo utokao bara hukuchukua kukupeleka kwenye kina. Tena una hila: karibu na ufuko, miti na majengo huukinga, maji yanaonekana shwari kabisa, kumbe mita mia tatu mbele unavuma. Tangazo lilikusudia huo. Lakini msomaji wa kawaida wa Kiswahili angeweza kuelewa kinyume, akaukwepa upepo usio na madhara na kuingia majini siku ya hatari.

Mabaharia wa Pwani hawana utata huo. Upepo wa alfajiri utokao bara wanauita umande, kwa jina lilelile la matone yanayokaa juu ya majani. Utokao mashariki ni matlai. Upande wa chombo unaopigwa na upepo ni joshini, ule wa pili ni demanini. Kwenda kwa kukatakata kushoto na kulia dhidi ya upepo ni kubisha. Kitenzi hicho ndicho tunachokitumia kwa mtu anayebisha hodi na kwa mtu anayebisha katika mabishano. Ukienda Lamu wakati wa tamasha la utamaduni, ambalo kwa kawaida hufanyika Novemba, ukatazama mashua zikishindana, utasikia maneno haya yakipigiwa kelele, wala hayasomwi kamusini. Mshindi mara nyingi ni yule ajuaye kubisha.

Nilimweleza mwanafunzi hayo yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Prof, huo upepo wa kutoka nchi kavu naujua. Ndio ulimchukua baba yangu mdogo."

Yeye ni wa Port Victoria, Busia, karibu na mahali Nzoia inapoingia Ziwa Victoria. Maji yanayopita hapa kwetu Mumias ndiyo yanayoishia kwao. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, hivyo upepo hutoka ziwani kuja huku juu. Ukikutana na pepo za mashariki juu ya nyanda zetu, hewa hupanda, na ndiyo sababu Kakamega hupigwa na radi na mvua alasiri, na wenzetu wa Nandi na Kericho hupata mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo hushuka kuelekea ziwani kutoka pande zote, ukakutana katikati na kuzua dhoruba kabla ya mapambazuko. Saa hizo ndizo wavuvi wa omena wako majini na taa zao.

Baba yake mdogo alikuwa miongoni mwao usiku mmoja, wala hakurudi. Aliniambia kwamba jioni ile redio ilitangaza "mvua za hapa na pale". Akauliza, na swali lake bado linanikaa moyoni: "Hapa ni wapi, na pale ni wapi?"

Sidai kwamba neno moja lingemwokoa. Lakini mvuvi anayeambiwa "upepo mkali utokao nchi kavu kwenda ziwani, kuanzia saa nane usiku, upande wa Port Victoria" ana jambo la kuamua. Anayeambiwa "hapa na pale" hana. Lugha ya hali ya hewa haina budi kujibu maswali matatu: upepo unatoka wapi, utafika lini, na una nguvu kiasi gani. Kiswahili kina uwezo wa kuyajibu yote. Tuseme "utokao" na "uelekeao" badala ya kuliachia 'wa' kazi isiyoiweza. Tuseme kipupwe tunapomaanisha kipupwe. Na kwa mchezo ule mpya, kuna ubaya gani tukiuita mchezo wa tiara majini? Watoto wa Kiswahili wamerusha tiara na vishada tangu zamani.

Tuliirekebisha sentensi ile pamoja: "Kusi huvuma vizuri katika hori la Kilifi wakati wa kipupwe, Juni hadi Septemba, lakini upepo utokao nchi kavu ukianza, wanaojifunza wasiingie majini, hata maji yakionekana shwari." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini haimdanganyi mtu.

Kabla ya kuondoka alimpigia baba yake simu akamsomea. Mzee huyo hajawahi kufika Kilifi, na neno kusi kwake ni geni. Nilimsikia akicheka alipoambiwa watu hulipa pesa ili waburutwe na upepo. Kisha akasema taratibu, "Hiyo ya nchi kavu, mwanangu, isome tena."